Donge la Pili Ukutani

Breeshey Mylchreest hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili, wala hakuwa mtu wa kwenda asikoitwa. Katika bonde zima la Sulby, kila bibi arusi aliyeingia nyumba mpya alimpelekea habari yeye kabla hajampelekea fundi wa dohani: njoo utubandikie. Naye huvaa kofia yake nyeusi, akabeba chupa ya mtindi wa nyumbani kwake, akaenda kukanda unga juu ya meza ya watu. Akimaliza hunyofoa donge dogo kwa vidole, akalibandika ukutani juu ya meko, akasema, "Hili lenu, Wenyewe. Vya watoto msiguse." Hapo ndipo nyumba inakuwa nyumba. Kabla ya hapo ni mawe na bati tu.

Wenyewe ni wale wadogo wanaoishi na watu bila kuonekana na watu. Hakuna aliyezaliwa katika kisiwa cha Man akawataja kwa jina jingine, maana huwezi kujua ni yupi amekaa nyuma ya kabati anakusikiliza. Wengine husema wanafika mtu gotini, wengine husema hawazidi kijiko cha supu. Breeshey alisema yeye hajawapima. Alichojua ni kwamba wanakunywa maji, na maji hayo yawe mapya kila jioni, yamewekwa katika bakuli la udongo kando ya moto. Na kwamba unga ukikandwa, chao kinatoka kwanza. Mchungaji alipomwambia kuwa hayo ni mambo ya giza, alimjibu kuwa na kanisani pia hutoa sadaka, wala hajamwuliza hata siku moja inakokwenda.

Nyumbani kwake hakubandika donge moja. Alibandika mawili. La kwanza la Wenyewe. La pili, dogo zaidi, alilibandika pembeni kwa ajili ya Voirrey, ili Wenyewe wamkumbuke huko aliko mjini Douglas, wasije wakamsahau kuwa naye ni wa nyumba ile. Alianza siku ile msichana alipopanda treni kwenda kusomea ualimu, na hakuacha.

Voirrey alikuwa mtoto wa kaka yake. Mama yake alikufa, baba yake akavuka bahari kwenda Liverpool kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine kwa pamoja. Mtoto akaletwa kwa shangazi akiwa na gauni moja na kikohozi. Breeshey hakujaliwa kuzaa. Alimpokea mtoto yule kama mtu anayepokea mkono wake uliokuwa umekatika.

Lakini nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mkwe wake, Catreeney, mwanamke mwenye funguo kiunoni na ulimi kinywani, na vyote viwili havikukaa kimya. Catreeney hakumtaka mtoto wa watu. Kila sahani iliyovunjika, kila yai lililopungua, alisema, "Huyu ana baba. Apelekwe kwa baba yake." Na Illiam, mume wa Breeshey, alikuwa mtu mwema, mwema sana, wa kumwogopa mama yake.

Kwa hiyo shangazi na mtoto walijibanza pamoja jikoni. Wakimenya viazi, Breeshey alimsimulia. Alimsimulia Wenyewe wanavyolala ndani ya soksi isiyo na mwenzake, wanavyochana nywele kwa mfupa wa samaki, wanavyogombana nyuma ya ukuta nani kala mafuta mengi. Mtoto alicheka hata kikohozi kikamwacha. Wengine huponywa na dawa. Yule aliponywa na maneno.

Ikatokea jioni moja ya mvua. Mtoto alitumwa kubadilisha maji ya Wenyewe. Akafika mlangoni, akaona mvua inavyopiga uani, akaona na kisima kilivyo mbali, akarudi. Na ili asigundulike, alimwaga maji ya jana, akalifudikiza lile bakuli, akaliacha limelala kifudifudi kando ya moto, akaenda kulala.

Bakuli kavu ni uzembe. Bakuli lililofudikizwa ni tusi; ni kumwambia mgeni geuka uende zako. Asubuhi Catreeney aliliona kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku ile ile siagi ikakataa kuganda. Wakasukasuka pipa mpaka mikono ikafa ganzi, ikabaki maji tupu. Mama mkwe akasimama katikati ya jiko, funguo zinalia, akauliza, "Nani aliyeweka maji jana?"

Mtoto alikuwa nyuma ya mlango. Breeshey aliona kidole kimoja cha mguu kimechungulia chini. Akajua ya kwamba jibu lile, likiwa la kweli, ndilo meli ya kwenda Liverpool.

"Mimi," alisema. "Nilisahau."

Alilipa. Tangu siku ile mpaka Catreeney alipokufa, bakuli lilitolewa mikononi mwake, na donge pia. Siku ya kuoka mama mkwe humwambia mbele ya mumewe, "Pisha, msahaulifu, wenye akili wabandike." Illiam yeye hakutukana. Yeye kila akitoka kwenda mnadani alimwambia kwa upole, "Mke wangu, kuku wafungie, usisahau." Upole ule ulimchoma kuliko matusi ya mama yake. Illiam akafa akiamini hivyo. Breeshey alikaa kando ya kitanda chake siku zote zile za mwisho, neno likimfika kinywani, akalimeza, kwa sababu usiku ule wa siku ya bakuli mtoto alimkumbatia kiuno akamwambia, "Usimwambie mtu, shangazi," naye akasema hatamwambia mtu. Mtu ni mtu. Mume naye ni mtu.

Catreeney alikufa na ile aibu tumboni, maana alikuwa na sifa moja: ya nyumbani hakuitoa mlangoni. Jirani hakuna aliyejua. Breeshey akalirudia bakuli lake, na miaka ilivyokwenda bonde likaanza kumwita. Voirrey akawa mwalimu, akawa na kofia za mjini, na barua zake zikawa fupi.

Kisha akaandika kitabu.

Kilikuja kwa posta, kimefungwa vizuri, kitabu cha watoto chenye picha. Jina lake lilikuwa *Waliohama*. Breeshey alijua kusoma Biblia kwa kufuata na kidole, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Maandishi yale yalikuwa madogo. Akina mama walijitolea kumsomea akakataa. "Mwenye kitabu atakuja anisomee mwenyewe," alisema. "Ameniahidi." Akakiweka juu ya meko kando ya saa, jalada limewageukia watu, akakifuta vumbi kila siku. Kila aliyekuja kununua mayai alionyeshwa.

"Mwanangu kaandika hiki. Wenyewe wa nyumba hii, wamo humo wote."

Watu walikiangalia, wakamwangalia yeye, wakaangalia mayai. Wengine walitoka upesi, na akisimama dirishani aliona mabega yao yanavyotikisika. Alidhani ni kikohozi. Majira yalikuwa ya baridi.

Majira ya joto yakaja, na mama yake Paie akaja. Paie alikuwa anaolewa Jumamosi, na Breeshey alikuwa ameshaambiwa tangu Pasaka kuwa atakwenda kubandika. Mama Paie alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye huruma na umbeya kwa kipimo sawa. Alikaa ukingoni mwa kiti kama kina moto.

"Bi Breeshey, habari za kuku?"

"Kuku wazima. Sema lililokuleta."

"Loo, wewe nawe! Mtu hata chai hajanywa."

"Utainywa ukishasema."

Mama Paie alivuta pumzi. "Ni lile la Jumamosi. Tumeona tusikusumbue. Kupanda kilima kile, na magoti yako…"

"Magoti yangu jana yamepanda mpaka kwenu kukuletea mayai. Nani kasema nisije?"

"Si mimi! Mungu ananiona. Ni mama wa bwana arusi, Bi Cregeen. Kasema hataki mwanawe aanze nyumba na… na mkono uliowafukuza Wenyewe." Akasema maneno ya mwisho haraka, kama mtu anayetema mwiba. "Wameona aitwe Voirrey. Naye kakubali."

Breeshey aliweka birika chini. "Mkono upi uliomfukuza nani?"

Mama Paie akatazama juu ya meko. "Kumbe hujakisoma?"

"Nisomee."

"Usinitie majaribuni, Bi Breeshey."

"Nimesema nisomee."

Akasoma. Kilikuwa kitabu kizuri, hilo haliwezi kukataliwa. Soksi isiyo na mwenzake ilikuwemo. Mfupa wa samaki ulikuwemo. Ugomvi wa mafuta ulikuwemo, neno kwa neno, na Breeshey alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kinywani mwa Mama Paie. Kisha akaingia mwanamke mvivu, mwenye pua ndefu na kitambaa cha madoa, aliyeitwa Shangazi Breesh. Jioni moja ya mvua Shangazi Breesh aliona uvivu kwenda kisimani, akalifudikiza bakuli. Wenyewe wakakaukwa na koo. Wakafunga mizigo yao katika boksi la samaki wa kukausha, na msichana mdogo mwema, ambaye hakuwahi kusahau maji hata siku moja, akawabeba kikapuni kwenda mjini, wakakae naye milele. Nyumba ya shangazi ikabaki tupu, panya wakaingia.

Mama Paie alifunga kitabu taratibu. "Ndiyo maana watoto wa wageni husimama pale langoni kwako, Bi Breeshey. Huuliza kama ndiyo nyumba yenyewe iliyohamwa."

"Mimi niliwapa tufaha," alisema Breeshey.

Chai ilipoa hakuna aliyeinywa.

Ijumaa Voirrey alishuka treni ya mchana, akaja mpaka jikoni na viatu vyake vyembamba. "Shangaziii!"

"Futa miguu."

Akafuta. Akamkumbatia shangazi yake, na shangazi akakumbatiwa kama nguzo. "Nimekuja na ombi dogo. Nataka mtindi kidogo, wa…"

"Wa kubandikia."

"Umeshaambiwa."

"Nimeshasomewa."

Voirrey alivua kofia. Ghafla akawa na uso wa zamani, uso wa nyuma ya mlango. "Shangazi, ile ni hadithi tu. Ya watoto."

"Breesh wa kwenye hadithi ana pua yangu."

"Mchoraji hajawahi hata kukuona!"

"Basi aliambiwa na aliyeniona."

"Wachapaji kule London walisema mtoto wa kwenye kitabu lazima awe mwema, ndipo watoto wampende. Na lazima mtu mmoja akosee, la sivyo hawahami, na wasipohama hakuna hadithi. Ningefanyaje?"

"Yupo mtu aliyekosea. Ana jina. Amevaa viatu vyako."

Msichana akaanza kulia, japo hakuwa msichana tena, alikuwa na mvi mbili tatu juu ya sikio. Breeshey alizitazama zile mvi. Akasema, na sauti yake haikupanda, "Mimi nilisema uongo mmoja maishani, Voirrey. Nilikusemea wewe. Mume wangu alizikwa nao. Wewe umeuchukua uongo wangu ule ule, ukaupiga chapa, ukauuza na picha. Sitaki kitabu kibadilishwe. Kitabu ni cha wageni. Nataka hapa bondeni, mbele ya wanawake hawa ninaokutana nao kisimani na kanisani, useme nani alifudikiza bakuli. Basi."

"Nitasema," Voirrey alisema. "Kesho. Kabla sijabandika. Nakuapia, shangazi."

Breeshey akamwamini. Mtu akishamlea mtoto, kumwamini ni mazoea, kama kuinama mlangoni pa nyumba fupi. Akamjazia chupa ya mtindi, akaifunga kizibo, akampa.

Jumamosi alikwenda. Kubandika ndiko alikokatazwa. Arusini alialikwa kama watu wengine, na aliyealikwa huenda. Nyumba ya Paie ilikuwa nzuri, imepakwa rangi ya mafuta inayong'aa mpaka unajiona uso. Wanawake walijaa jikoni na vikombe mikononi. Breeshey alisimama karibu na mlango, kofia nyeusi kichwani, mikono imeshikana mbele.

Voirrey alikanda unga. Akajipangusa, akawageukia watu. Macho yake yakapita juu ya vichwa vyote, yakafika mlangoni, yakakutana na ya shangazi yake. Breeshey akatikisa kichwa kidogo: haya.

"Kabla sijabandika," Voirrey alianza, "kuna jambo nataka kusema." Akajipangusa tena mikono. Kikombe cha mtu kililia juu ya sahani. Bi Cregeen, mama wa bwana arusi, alitabasamu akimngoja. Paie alikuwa ameshika kitabu, anataka kitiwe saini. "Nataka kusema… hadithi zangu zote nimezipata kwa shangazi yangu. Tumpigie makofi."

Wakapiga makofi. Breeshey hakuinua mkono wala jicho. Aliyangoja yale mengine, na wakati anayangoja, Voirrey alikwishawapa mgongo, donge mkononi, akalikandamiza ukutani.

Donge likateleza juu ya ile rangi ya mafuta. Likashuka kama konokono, likaanguka jivuni.

Paie akapiga ukelele kidogo. Kisha Bi Cregeen akasema, na hakusema chini, "Si niliwaambieni? Wenyewe hawasahau. Mkausha bakuli si yumo humu ndani?"

Vichwa vyote vikageuka mlangoni.

Breeshey hakuwaangalia wao. Alimwangalia Voirrey. Ilikuwa ile ile asubuhi tena: mwanamke mwenye mamlaka kauliza, jiko zima linangoja, na mwenye kosa amejificha, ila safari hii kajificha mbele ya watu, anatazama unga uliobaki vidoleni mwake, anaufikicha taratibu.

"Si mimi," alisema Breeshey.

Hakuna aliyewahi kumsikia akijitetea. "Leo si mimi, na siku ile haikuwa mimi. Bakuli halikufudikizwa na mkono huu. Muulizeni mwandishi wenu lilifudikizwa na nani."

Sasa ndipo Voirrey alipopata sauti. Akacheka, kicheko cha mjini chenye upole mwingi. Akapita katikati ya wanawake akaja kumshika shangazi yake kiwiko, anavyoshikwa mgonjwa. "Jamani, msimsumbue. Umri umekwenda. Siku hizi anachanganya yaliyoko kitabuni na yaliyotokea. Njoo ukae, shangazi. Njoo upumzike."

Wanawake wakalainika. "Maskini." "Mletee kiti." "Ndivyo uzee ulivyo, na mama yangu alianza hivyo hivyo." Waliokuwa na hasira naye dakika moja kabla, sasa walikuwa na huruma, na angepewa kuchagua, angeichagua hasira.

Breeshey aliuondoa mkono ule kiwikoni, kidole kimoja kimoja, kama anavyoondoa kiwavi kwenye kabichi. Akaenda mezani. Chupa yake ya mtindi ilikuwa pale, imebaki nusu. Akatafuta kizibo, akakiona, akaifunga, akaiweka kwapani.

"Paie, mwanangu, Mungu akupe heri," alisema. "Wewe hujanikosea." Akatoka.

Alishuka kilima peke yake na magoti yake. Jioni alikwenda kisimani, akaweka maji mapya kando ya moto kama siku zote, maana Wenyewe hawakuwa na kesi. Kile kitabu alikitoa juu ya meko. Hakukichoma, mtu hachomi sauti yake mwenyewe. Alikiweka kabatini pamoja na funguo za mama mkwe, akafunga.

Jumatatu asubuhi anakanda unga, Mama Paie akaja. Safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni anazungusha mkoba wake.

"Voirrey kaondoka jana na treni ya kwanza," alisema. "Kakuaga?"

"Hakuniaga."

"Na mimi kanipita kama hanijui." Akaacha kuuzungusha mkoba. "Bi Breeshey, ulipoyasema yale, wengine walikuwa wanakutazama wewe. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na meko, nikamtazama yeye. Niliuona uso wake kabla hajacheka."

Breeshey aliendelea kukanda. "Na ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Naam."

"Naona aibu."

"Ione. Haiui." Lakini akamsogezea kiti kwa mguu, na Mama Paie akakaa kama mtu aliyepewa shamba.

"Paie anakuomba. Ukuta tumeukwangua ile rangi, tumepaka chokaa. Bi Cregeen kanuna, acha anune. Utakuja?"

"Nitafikiri," alisema Breeshey, na wote wawili walijua kuwa akifikiri sana ni mpaka Alhamisi.

Unga ulikuwa tayari. Akanyofoa donge kwa vidole, akanyoosha mkono, akalibandika juu ya meko. "Hili lenu, Wenyewe." Likashika. Kisha akafunika unga kwa kitambaa, akaanza kujipangusa mikono.

Mama Paie alikuwa ameona mkono ule ukibandika tangu yeye mwenyewe alipokuwa bibi arusi. Alitazama ukutani, pale pembeni palipokuwa na alama ya duara, nyeusi kwa moshi, pembezoni mwa donge jipya. Akangoja. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na lile la pili?"

Breeshey alichochea moto kwanza.

"Mwenyewe kahama," alisema. "Utakunywa chai?"